Karatasi za siri na haki ya mshitakiwa

Mazungumzo ya redio juu ya sheria na amani, yamechapwa kwa ajili ya familia zilizohama na viongozi wa Marabo

 

Leo nataka tufungue ukurasa mmoja wa historia yetu ya Ituri. Mara nyingi tunapozungumza juu ya vita vya mwaka wa 2002 na 2003 tunahesabu maiti na nyumba zilizochomwa. Ni lazima tuhesabu. Lakini iko historia nyingine iliyofuata, ambayo watu hawakupigana kwa panga wala kwa bunduki. Walipigana kwa karatasi. Ni historia ya mkubwa mmoja wa hapa kwetu aliyepelekwa mbele ya waamuzi, na ya karatasi za siri zilizokaribia kuivunja kesi yake.

Swali letu ni hili: mkubwa anaposhitakiwa, na maneno yanayoweza kumwokoa yamo katika karatasi za siri, je, ni haki kumhukumu bila yeye kuzisoma? Wengine watajibu upesi: ndiyo, kwa sababu sote tunajua alichofanya. Wengine watajibu upesi vilevile: hapana, basi mwachilieni aende. Nawaomba tusiwe wepesi wa kujibu. Tusikilize kwanza mambo yalivyokwenda.

1. Mambo yalivyoanza

Mwezi wa Agosti 2002 kundi la UPC, likisaidiwa na jeshi la Uganda, lilishika mji wa Bunia. Kiongozi wake alikuwa Thomas Lubanga Dyilo, na jeshi lake liliitwa FPLC. Tarehe 5 Septemba 2002 damu ilimwagika Nyankunde, si mbali na Marabo. Tarehe 24 Februari 2003 ikawa zamu ya Bogoro. Mwezi wa Machi 2003 Waganda waliigeukia UPC wakaitoa Bunia, na wao wenyewe walipoondoka mwezi wa Mei, vita viliwaka tena ndani ya mji. Makundi yalikuwa mengi, na watoto walitiwa silaha mikononi katika pande mbalimbali. Sitasimulia zaidi, maana wengi wenu mliyaona, au wazazi wenu waliyaona.

Mwaka wa 2004 serikali ya Kongo iliiomba Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, ile tunayoiita CPI, ichunguze mambo ya nchi yetu. Tarehe 23 Juni 2004 mwendesha mashtaka wa wakati ule, Luis Moreno Ocampo, alitangaza kwamba anafungua uchunguzi. Ulikuwa uchunguzi wa kwanza kabisa wa mahakama ile. Mwezi wa Machi 2005, baada ya askari tisa wa MONUC kutoka Bangladesh kuuawa Ituri, serikali ilimkamata Lubanga huko Kinshasa. Alikaa kizuizini mwaka mzima. Mwezi wa Machi 2006 akapelekwa La Haye, Uholanzi. Shitaka lilikuwa moja: kuandikisha watoto wenye umri chini ya miaka 15 katika jeshi, na kuwatumia vitani.

2. Karatasi zaidi ya 200

Sasa fikirini kazi ya wachunguzi. Walifika Ituri wakati vita havijakwisha. Barabara zilikuwa za hatari, na aliyeonekana akizungumza nao angeweza kuuawa usiku. Lakini kulikuwa na watu waliokwisha kukusanya habari kabla yao: wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa na wa mashirika ya haki za binadamu. Hao walikuwa na ripoti, barua, na maneno ya mashahidi. Walikubali kuzitoa karatasi hizo kwa mwendesha mashtaka kwa sharti moja: zibaki siri.

Sharti hilo lilikuwa na maana. Mama aliyemwambia mfanyakazi wa MONUC, "Mtoto wangu alichukuliwa na fulani," alisema hayo kwa kuaminiwa. Kama jina lake lingetoka, nani angemlinda? Basi nawaomba msifikiri kwamba kila siri ni ubaya. Iko siri inayolinda mnyonge.

Sheria ya CPI, iliyoandikwa Roma mwaka wa 1998, inaijua siri ya namna hiyo. Kifungu cha 54 kinamruhusu mwendesha mashtaka kupokea karatasi kwa ahadi ya kutozionyesha, ikiwa zitamsaidia tu kutafuta ushahidi mwingine. Ni kama mtu anayekunong'oneza mahali mwizi alipopita: neno lake linakuonyesha njia, lakini wewe mwenyewe utakwenda kutafuta alama za miguu. Lakini sheria ileile ina kifungu cha 67. Hicho kinamlazimisha mwendesha mashtaka kumpa mshitakiwa kila ushahidi alio nao unaoweza kuonyesha kwamba hana kosa, au kwamba kosa lake ni dogo kuliko linavyodhaniwa.

Vifungu viwili hivyo vikagongana. Mwendesha mashtaka alikuwa ametumia ruhusa ya siri kwa wingi, kama njia ya kawaida ya kukusanya habari, wakati sheria iliiweka kwa nafasi za pekee. Kesi ilipokaribia, ikaonekana kwamba alishika karatasi zaidi ya 200, nyingi zikitoka Umoja wa Mataifa, zenye maneno yanayoweza kumsaidia mshitakiwa. Baadhi ziligusa swali kama Lubanga alijaribu kuwaondoa watoto jeshini. Nyingine ziligusa swali kama alikuwa na nguvu ya kutosha juu ya wakubwa wa jeshi lake. Nyingine tena ziligusa mkono wa nchi jirani, Uganda na Rwanda, katika mambo ya UPC.

Angalieni vizuri, ndugu zangu. Hayo si maswali ya Lubanga peke yake. Ni maswali yetu sote: nani aliamuru, nani alitoa silaha, nani alisimama nyuma ya pazia? Majibu, au sehemu yake, yalikuwa yamefungwa ndani ya sanduku.

3. Siku kesi iliposimama

Kesi ilikuwa ianze mwezi wa Juni 2008. Waamuzi walikuwa watatu: Adrian Fulford wa Uingereza, Elizabeth Odio Benito wa Costa Rica, na René Blattmann wa Bolivia. Waliuliza: je, karatasi hizo zimeonyeshwa kwa avoka wa mshitakiwa? Hapana. Je, sisi waamuzi tunaweza kuzisoma, ili tupime kama kuzificha kunadhuru haki? Hapana, kwa sababu walizozitoa hawajakubali.

Tarehe 13 Juni 2008 waamuzi walisimamisha kesi. Walieleza kwamba haki ya kesi hii imevunjika vipande, na kwa hali ilivyo haiwezekani kuviunganisha tena. Tarehe 2 Julai waliamuru Lubanga aachiliwe, lakini hakutoka, maana mwendesha mashtaka alikata rufaa.

Mnaweza kufahamu jinsi habari hizo zilivyopokelewa Ituri. Aliyempenda Lubanga alisikia kwamba ameshinda. Aliyepotewa na mtoto vitani alisikia kwamba damu ya mtoto wake imeuzwa kwa karatasi. Wote wawili walikosea. Waamuzi hawakusema kwamba Lubanga ni safi. Hawakusema pia kwamba watoto wa Ituri hawana thamani. Walisema neno moja tu: hatuwezi kumhukumu mtu huku upande mmoja umeshika sanduku ambalo upande mwingine, na hata mwamuzi, hawaruhusiwi kulifungua.

Nitatoa mfano wa kwetu. Watu wawili wanagombania mpaka wa shamba. Mmoja ana rafiki katika ofisi ya sheferi, na rafiki huyo anashika barua ya shefu wa zamani inayotaja mpaka. Barza inakaa. Rafiki anasema, "Barua iko, nimeisoma, lakini siwezi kuionyesha. Niaminini tu." Je, wazee wataamua? Wakiamua, yule aliyeshindwa atakwenda nyumbani akiamini maisha yake yote kwamba barua ile ilikuwa ya kumsaidia. Atawaambia watoto wake. Na siku moja watoto wake watashika panga kwa ajili ya barua ambayo hawakuiona.

4. Sanduku linafunguliwa

Nini kilifuata? Tarehe 21 Oktoba 2008 waamuzi wa rufaa walikubali kwamba kesi ilisimamishwa kwa haki, lakini amri ya kumwachilia walitaka ifikiriwe upya. Wakati huohuo mwendesha mashtaka alirudi kwa Umoja wa Mataifa na kwa mashirika kuomba ruhusa. Karatasi zikaanza kufunguliwa, waamuzi wakazisoma, na njia zikatafutwa za kumpa mshitakiwa yaliyomo bila kuhatarisha majina ya watu. Tarehe 18 Novemba 2008 waamuzi waliondoa kizuizi. Tarehe 26 Januari 2009 kesi ilianza.

Ruhusa ambayo haikupatikana mwezi wa Juni ilipatikana kabla mwaka haujakwisha. Kumbe mlango haukuwa wa chuma. Ulihitaji mtu wa kuugonga mapema, na waamuzi wenye moyo wa kukataa kuendelea mpaka ufunguliwe.

Mwaka wa 2010 tatizo lilirudi kwa sura nyingine. Wachunguzi hawakuweza kuingia kila kijiji, kwa hiyo walitumia watu wa hapa kuwatafutia mashahidi. Katika kesi watu hao waliitwa kwa namba. Wakili wa Lubanga alidai kwamba baadhi yao waliwafundisha vijana kusema uongo. Waamuzi waliamuru jina la mtu wa namba 143 lijulishwe kwa kikundi kidogo cha utetezi. Mwendesha mashtaka hakutii, akisema usalama wa mtu huyo haujatengenezwa. Tarehe 8 Julai 2010 kesi ikasimamishwa mara ya pili. Safari hii, tarehe 8 Oktoba 2010, waamuzi wa rufaa walitengua kusimamishwa huko. Walisema: ni kweli mwendesha mashtaka alipaswa kutii, lakini kabla ya kusimamisha kesi nzima, waamuzi wangejaribu kwanza kumwadhibu yeye aliyekataa.

Kuisimamisha kesi ni dawa kali. Ukiitumia kwa kila homa, utamwua mgonjwa, na mgonjwa hapa ni haki ya walioonewa.

Na iko habari ya karatasi nyingine, zilizochukuliwa hapa Bunia katika nyumba ya mtu binafsi wakati wa kupekua. Mwenye nyumba hakuwako. Mahakama ya Rufaa ya Kisangani iliona kwamba upekuzi huo haukufuata sheria ya Kongo. La Haye walikubali kwamba haki ya mwenye nyumba iliguswa, lakini wakapima: je, kosa hilo linaifanya karatasi kuwa ya uongo, au linaiharibu kesi yote? Wakaona hapana, na hawakuzikataa karatasi zote kwa sababu hiyo. Kwa hiyo si kila kosa la utaratibu linabomoa kesi. Kosa hupimwa kwa uzito wake.

5. Hukumu iliyosimama

Tarehe 14 Machi 2012 waamuzi watatu, kwa neno moja, walimkuta Lubanga na hatia. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya CPI. Na ushahidi upi ulikuwa na nguvu? Waamuzi waliyaweka kando maneno ya vijana kadhaa walioletwa kama askari watoto, kwa sababu hayakuaminika, na wakamlaumu mwendesha mashtaka kwa kuwaachia watu wa kati kazi yake. Ushahidi mmoja wenye nguvu ulikuwa wazi kwa kila jicho: picha za video za tarehe 12 Februari 2003 katika kambi ya Rwampara, karibu na Bunia, Lubanga akiwahutubia askari wapya, na kati yao watoto ambao umri wao ulionekana kwa macho.

Tarehe 10 Julai 2012 alipewa kifungo cha miaka 14, na miaka aliyokaa kizuizini La Haye ikahesabiwa. Katika kupima adhabu waamuzi walikumbuka pia kwamba alishirikiana na mahakama hata pale mwenendo wa mashtaka ulipomtesa. Tarehe 1 Desemba 2014 rufaa ilithibitisha hatia na adhabu. Mwishoni mwa mwaka 2015 alihamishiwa Kinshasa, na mwezi wa Machi 2020 alimaliza kifungo chake. Waamuzi waliweka pia deni la fidia la dola 10,000,000 kwa walioumizwa na makosa yake. Mahakama ikivunja hukumu, deni la namna hiyo linavunjika pamoja nayo.

Hapa ndipo penye somo la leo. Zile siku za 2008 ambazo wengi walizilia kama kushindwa kwa haki, ndizo zilizoifanya hukumu ya 2012 iwe ngumu kuangushwa. Lubanga hakuweza kusema, "Walinificha karatasi wakanifunga." Alizipata, akazitumia, akatetewa kwa nguvu, na bado hatia ikaonekana. Kama waamuzi wangeendelea huku sanduku limefungwa, leo kila mtu anayemtetea angekuwa na neno la kuwaambia vijana, na neno hilo lingekuwa la kweli.

Wako watakaoniuliza: basi haki hiyo ilizaa nini, ikiwa mwaka wa 2025 Lubanga huyohuyo alitangaza vuguvugu jipya la kupambana na serikali, na Ituri bado inakimbia? Swali ni zito, na ninyi mnaolala chini ya mahema mna haki ya kuliuliza kuliko mtu yeyote. Mimi nasema hivi: kesi moja haifungi vita vyote, na kifungo hakibadilishi moyo wa mtu kwa nguvu. Lakini hukumu ya haki inaacha kitu ambacho bunduki haiwezi kukifuta. Inaacha ukweli ulioandikwa: kwamba kumtia mtoto silaha ni kosa, hata mkubwa akisema alikuwa analinda kabila lake. Kijana anayeitwa leo kuingia katika kundi, la jina lolote, anaweza kuambiwa: jambo hili lilikwisha kupimwa mbele ya waamuzi, na mtetezi wake alisikilizwa mpaka mwisho.

6. "Kwa nini wetu tu?"

Kila mkubwa anapochunguzwa, watu wake huuliza: kwa nini wetu tu? Watu waliomwona Lubanga kama mlinzi wa Wahema waliuliza hivyo mwaka wa 2006. Germain Katanga wa FRPI na Mathieu Ngudjolo wa FNI walipopelekwa La Haye mwaka wa 2007 na 2008, ikawa zamu ya watu waliowaona kama walinzi wa Walendu na Wangiti.

Tuangalie mwisho wake. Katanga alikutwa na hatia mwezi wa Machi 2014 kwa sehemu yake katika mauaji ya Bogoro, akapewa miaka 12. Ngudjolo aliachiliwa tarehe 18 Desemba 2012, kwa shambulio lilelile la Bogoro. Waamuzi walieleza kwamba ushahidi haukutosha, na kwamba kutotosha kwa ushahidi si kusema kwamba Bogoro hakuna kilichotokea. Bosco Ntaganda, aliyekuwa mkubwa wa jeshi katika FPLC, alipewa miaka 30 mwaka wa 2019. Basi waliohukumiwa na aliyeachiliwa hawakutoka upande mmoja tu.

Je, kipimo kilikuwa sawa kabisa? Hapana, na si vizuri kuwadanganya. Lubanga alishitakiwa kwa watoto peke yao, wakati wengi walingoja kusikia pia habari za mauaji na za akina mama waliobakwa. Na mkubwa wa jeshi la nchi jirani hajasimamishwa mbele ya CPI kwa mambo ya Ituri. Uganda kama nchi ilihukumiwa na mahakama nyingine, ile inayoamua kesi kati ya mataifa: mwaka wa 2005 iliamuliwa kwamba ilikuwa imeikalia Ituri kwa nguvu, na mwaka wa 2022 iliambiwa kulipa dola 325,000,000. Lakini nchi kulipa ni jambo moja, na mtu kujibu ni jambo jingine.

Kwa hiyo kuuliza "kwa nini wetu tu?" si dhambi. Dhambi ni kulitumia swali hilo kama ngao ya kuzuia wetu asiulizwe. Ukiona kipimo hakitoshi, dai kiongezwe kwa wengine. Usidai kiondolewe kwa wako.

7. Hata katika nchi kubwa

Msifikiri kwamba matatizo haya ni ya Waafrika tu. Huko Marekani wakubwa wawili wa vyama vinavyoshindana walichunguzwa kwa karibu wakati mmoja, kwa sababu karatasi za siri za serikali zilipatikana mahali zisipopaswa kuwa. Donald Trump alikuwa ametoka katika urais. Polisi wa serikali kuu walipekua makao yake ya Florida mwezi wa Agosti 2022. Joe Biden alikuwa rais. Karatasi za wakati alipokuwa makamu wa rais zilipatikana katika ofisi aliyoitumia na nyumbani kwake. Kila mmoja aliwekewa mwendesha mashtaka wa pekee, ili watu wasiseme kwamba serikali inajichunguza yenyewe au inamwinda mpinzani.

Mwisho haukufanana. Trump alishitakiwa mwezi wa Juni 2023 kwa kuzishika karatasi na kuzuia zisirudishwe. Alikana, na mwezi wa Julai 2024 mwamuzi alifuta mashtaka, akisema mwendesha mashtaka yule hakuteuliwa kwa njia ya sheria. Juu ya Biden, ripoti ya Februari 2024 ilisema asishitakiwe. Kila chama kililalamika kwamba mkubwa wake ameonewa na mwingine amependelewa.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, karatasi ya ofisi si mali ya mkubwa. Anapoondoka, karatasi inabaki. Pili, kuwapa wachunguzi uhuru hakutoshi kuwanyamazisha wenye mashaka. Lazima sababu za tofauti zielezwe wazi, ili mwenye akili timamu aweze kupima mwenyewe.

8. Karatasi za hapa kwetu

Sasa turudi Marabo. Sisi hatuna karatasi za siri za mataifa. Lakini tuna daftari la majina ya waliohama. Tuna orodha ya wanaopewa chakula, mbegu na mahema. Tuna barua zinazotoka kwa mkubwa wa teritwari, na ripoti za usalama zinazopanda kwake. Na mara kwa mara shefu au mkubwa wa komite ya kambi anashitakiwa: ameficha orodha, ameongeza majina ya ndugu zake, amepeleka ripoti ya kuwachongea watu fulani. Hapo moto unaweza kuwaka upesi kuliko majani makavu.

Ndugu viongozi, nawapa shauri la sheria kutokana na historia tuliyoisikia.

Kwanza, mshitakiwa asikie shitaka lote, na aonyeshwe karatasi inayomshitaki pamoja na ile inayomtetea. Ukiwa na barua inayomsaidia mtu usiyempenda, nawe ukaikalia, wewe ndiwe unayeharibu kesi.

Pili, jina linaweza kufunikwa, lakini neno lisifichwe. Kama mama fulani ametoa habari na anaogopa, someni maneno yake bila kumtaja. Kama hata maneno yenyewe yatamtambulisha, wazee watatu wasio wa upande wowote wayasome na kupima. Mwenye kuishika karatasi asiwe mwenye kuamua kama inafichwa.

Tatu, ahadi ya siri ifikiriwe mwanzoni. Mtu akikwambia, "Nitakupa habari, usiniseme," mwulize papo hapo: "Je, habari hii ikiwa ndiyo ya kumwokoa mwenzako, utaniruhusu niitumie?" Mwendesha mashtaka wa La Haye alichelewa kuuliza swali hilo, na kesi ilisimama miezi mitano.

Nne, msiwaachie watu wa kati kazi ya kutafuta mashahidi. Anayepata faida kwa kuleta mashahidi atawaleta wengi, lakini si wote watakuwa wa kweli. Nendeni wenyewe, sikilizeni wenyewe.

Tano, unaposhitakiwa wewe, usichome karatasi, usizipeleke nyumbani. Ziacheni mikononi mwa watu wawili wa pande mbili mpaka shauri liishe. Anayechoma daftari amejishitaki mwenyewe.

Sita, tumieni kipimo kimoja. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kabla hujamhukumu shefu wa jamii nyingine, jiulize kama ungekubali mdogo wako ahukumiwe kwa njia hiyohiyo.

Na ninyi familia zilizohama, msiambiwe kwamba kudai haki kwa mshitakiwa ni kuwasahau walioumizwa. Aliyeumizwa anahitaji hukumu ambayo haitaanguka. Hukumu ya hasira inapendeza siku moja, kisha inageuka kuwa sababu ya vita vingine. Hukumu ya haki inachelewa, inauma, lakini watoto wetu wanaweza kuegemea juu yake.

 Someni maneno haya pamoja na jirani wa jamii nyingine. Amani ikae nanyi.

Maswali ya kuzungumza katika kundi

1. Ni siri gani zinazomlinda mnyonge katika kambi au kijiji chenu, na ni siri gani zinazomlinda mkubwa tu?
2. Kama mngekuwa waamuzi mwezi wa Juni 2008, mngesimamisha kesi au mngeendelea? Elezeni sababu.
3. Orodha za misaada zinawekwa wapi, na nani ana ruhusa ya kuzisoma?
4. Mkubwa wa jamii yenu akishitakiwa kesho, mtadai nini kwa ajili yake? Je, mko tayari kumpa haki hiyohiyo mkubwa wa jamii nyingine?